Mnatoka matembezi wawili? Mwenzako ajue unaumwa nini

Leo nataka kuzungumza na wewe ambaye wikiendi hii, au sikukuu inayokuja, una mpango wa kutoka na mwenzako. Huenda mnakwenda Bagamoyo kutembea kwenye magofu ya Kaole na kula samaki ufukweni. Huenda mnapanda boti kwenda Bongoyo au Mbudya, au mnakwenda Kunduchi kuteleza kwenye mabomba ya maji kama watoto. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma, hata safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo imekuwa rahisi. Wengine wanasogea mpaka Mikumi kutazama tembo na twiga.

Nianze kwa kusema wazi kwamba naunga mkono. Wapo wanaoona kutoka kwa wanandoa ni uzungu, au ni kuchezea fedha za ada ya watoto. Mimi siioni hivyo. Mtu mzima anashauriwa na Shirika la Afya Duniani kufanya mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na wengi wetu hatuzifikishi. Siku moja ya kuzunguka magofu, kupanda ngazi za mabomba ya maji na kutembea ufukweni inakupa sehemu nzuri ya dakika hizo bila kuhisi uko kwenye adhabu. Zaidi ya hapo, watu wawili ambao mwaka mzima mazungumzo yao ni umeme umeisha, gesi imeisha na mtoto anakohoa, wanapata nafasi ya kuongea kama watu waliochaguana.

Ninachokipinga ni jambo moja ninalokutana nalo kliniki mara kwa mara. Watu wanakwenda matembezi na mwenza wao, lakini ugonjwa wao wanauficha. Dawa zinabaki nyumbani chini ya godoro, au zinafichwa kwenye pochi na kumezwa chooni, au hazimezwi kabisa siku hiyo. Maoni yangu ni kwamba kama mnaweza kulala kitanda kimoja na kupanda boti moja, basi mwenzako anapaswa kujua unaumwa nini, unatumia dawa gani, na afanye nini ukianguka.

Kwa nini dawa zinaachwa siku ya matembezi

Sababu ninazosikia ni zilezile. Ya kwanza ni choo. Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu wanatumia dawa inayoongeza mkojo. Ukijua utakaa kwenye basi saa tatu, au kwenye gari la kutazama wanyama ambako hushuki ovyo, unaamua kuiruka. Ni wasiwasi wa kweli na wala si ujinga. Lakini jibu lake si kuacha dawa. Siku chache kabla ya safari muulize daktari au mfamasia wako: je, dozi hii naweza kuimeza baada ya kufika? Kwa wagonjwa wengi jambo hilo linapangika. Linaloleta hatari ni kujiamulia mwenyewe, hasa kama unatumia dawa kama atenolo au propranolo. Dawa hizo zikikatishwa ghafla mapigo ya moyo na presha vinaweza kupanda kwa kasi, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata maumivu makali ya kifua.

Sababu ya pili ni pombe. "Dokta, siku hiyo nitakunywa kidogo, nikaona nisichanganye na dawa." Hapo umechagua bia ukaacha dawa. Kama ni lazima kimoja kiachwe, unakijua ni kipi.

Sababu ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni aibu. Mwanamke wa miaka 35 hataki mchumba ajue ana kisukari, asije akaonekana mgonjwa. Mwanamume hataki mke ajue ana presha, kwa sababu mtaani presha inasemwa kuwa inamaliza nguvu za kiume. Kwa hiyo siku ambayo ilikuwa ya kukaribiana inakuwa siku ya kuigiza uzima.

Aliye karibu ndiye daktari wa kwanza

Mimi niko hospitali. Ukianguka Mbudya, mimi siko hapo. Aliyepo ni mwenzako, na dakika za mwanzo ziko mikononi mwake.

Nimewahi kumpokea mama aliyeletwa na mumewe kutoka ufukweni akiwa hajitambui. Mume alieleza kwamba tangu mchana mkewe alikuwa anatokwa jasho, anatetemeka, anajibu kwa ukali na maneno hayaeleweki. Alidhani ni jua, kisha akadhani amekunywa kitu. Alimlaza kivulini apumzike, akapumzika mpaka akashindwa kuamka. Nilipouliza kama ana ugonjwa wowote, mume aliapa kuwa mkewe ni mzima. Muuguzi alifungua mkoba wa yule mama kutafuta namba ya ndugu, akakuta kadi ya kliniki ya kisukari ya miaka mitatu, pamoja na vidonge vya glibenklamaidi. Alikuwa amemeza kidonge asubuhi kwa siri, kisha hakula, akisubiri wale pamoja na mumewe. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Tulimpa glukosi kwenye mshipa akaamka.

Mume yule hakuwa mzembe. Alimpenda mkewe na alimlinda kwa kila alichokijua. Kilichopungua ni taarifa moja tu. Angejua, angempa nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari, au vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, angesubiri dakika 15, na kama hajapata nafuu angempa tena. Kisha angempa chakula. Tiba yote hiyo ilikuwa inauzwa kwenye kibanda kilichokuwa karibu nao.

Shika hapa jambo moja: mtu akiwa hajitambui usimwekee chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Chukua mfano wa kiharusi. Mnatembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ghafla mdomo wa mwenzako unapinda, mkono mmoja unalegea, maneno yanakwama. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na katika hospitali yenye kipimo cha CT scan. Daktari wa zamu atakuuliza mambo mawili haraka: mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi, na je, anatumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda? Jibu la swali la pili linaweza kubadilisha matibabu yote, maana dawa hizo mbili kwa pamoja zinaweza kuleta damu kuvuja kichwani. Mwenza asiyejua atasema "hatumii kitu", na daktari atafanya uamuzi mzito kwa taarifa isiyo sahihi.

Akina baba, sikilizeni hapa

Safari ya wawili inaishia chumbani, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Wanaume wengi wakijua wanakwenda kulala hotelini na wenzi wao wanafanya mambo mawili kwa pamoja: wanaacha dawa ya presha, na wanapita duka la dawa kununua kidonge cha kuongeza nguvu bila cheti. Wengine wanatafuta vumbi la Kongo au mchanganyiko mwingine wa mtaani ambao hakuna anayejua una nini ndani.

Sildenafili ni dawa nzuri ikiandikwa na daktari aliyekupima. Lakini ikikutana na dawa za maumivu ya moyo za kundi la naitreti, zile ambazo baadhi ya wagonjwa huweka chini ya ulimi, presha inaweza kushuka kiasi cha kuua. Sasa fikiria mke anayeona mumewe ameshika kifua usiku wa manane. Wanafika hospitali, daktari anataka kumpa dawa ya moyo ya kundi hilohilo. Mume anaona haya kusema alichomeza, na mke hajui. Siri ya kidonge kimoja inaweza kumfanya mama huyo kuwa mjane.

Na hili la nguvu za kiume kuisha kwa sababu ya dawa za presha liwekwe sawa. Presha yenyewe isipotibiwa huharibu mishipa midogo ya damu, pamoja na ile inayohitajika kwa tendo la ndoa. Kisukari hufanya hivyohivyo na huharibu mishipa ya fahamu pia. Ni kweli baadhi ya dawa za presha zinaweza kuchangia tatizo, na kwa sababu hiyo tunazo za aina nyingi. Njoo useme, tutabadilisha. Kama unaona haya kuja peke yako, njoo na mkeo. Wengi wao wanajua siku nyingi kwamba kuna kitu, na wamekuwa wakijilaumu wao.

Maji na michezo ya kuzunguka

Kwenye mabomba ya kuteleza na mashine za kuzungusha watu huwa kuna kibao kinachokataza wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo, wenye matatizo ya shingo au mgongo, na mara nyingi wenye kifafa. Hakijawekwa kama pambo. Mjamzito akigonga maji kwa kasi au akitikiswa kwa nguvu, kondo la nyuma linaweza kuachia. Mjamzito anaruhusiwa kutembea, kukaa kivulini na hata kuogelea taratibu kwenye maji salama kama mimba yake haina matatizo. Mteremko auache. Na kama mimba bado ni changa na hujamwambia mwenzako, mwambie kabla hajakukatia tiketi.

Mwenye kifafa asiingie kwenye maji bila mtu anayejua hali yake na anayeweza kumtoa. Wenye selimundu wanapaswa kukumbuka kwamba maji ya baridi, uchovu na kukaukiwa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Kwa hiyo kunywa maji mengi, toka majini kabla hujaanza kutetemeka, jifute na uvae nguo kavu mara moja. Mwenzako akijua hayo, atakuwa wa kwanza kukuambia "toka sasa", badala ya kukucheka kuwa unaogopa baridi.

Kuzama ni tatizo kubwa kuliko tunavyofikiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi. Kwenye boti vaeni majaketi ya kuokolea, yale tunayoyaita maboya, hata kama safari ni ya dakika 20 na bahari imetulia. Pombe na kuogelea havikai pamoja. Mkienda na watoto, mmoja wenu awe na zamu ya kuangalia maji bila simu mkononi. Mtoto mdogo awe umbali wa mkono wako kufika. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, anapotea kimya.

Hapa nina neno kwa wenye maeneo haya ya starehe na wenye boti. Onyo kwa ajili ya Watanzania liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na liwe pale foleni inapoanzia, siyo juu kabisa ambako mtu ameshapanda ngazi zote na anaona aibu kurudi. Mwokoaji awe amefunzwa, na kazi yake iwe hiyo tu, siyo kuuza tiketi huku anachungulia bwawa. Mgeni aliyelipa kiingilio ana haki ya kurudi nyumbani.

"Nikimwambia ataniacha"

Najua wapo wanaosoma hapa wakisema daktari huyu anaongea kirahisi. Wengine hawafichi presha, wanaficha maambukizi ya VVU, na wanaogopa kuachwa, kufukuzwa au kupigwa. Sipuuzi hofu hiyo, maana nimeona inavyotokea. Kwa mtu wa namna hiyo sisemi atoboe siri kwenye meza ya chakula ufukweni. Nasema asiubebe mzigo huo peke yake. Vituo vya tiba na matunzo vina washauri wanaosaidia mtu kupanga namna ya kusema, na wanaweza kukaa na ninyi wawili. Na mkifika hapo mtajifunza jambo ambalo wengi hawalijui: mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU vizuri, na kipimo kikaonyesha virusi vimeshuka hadi kutoonekana, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Tazama basi jinsi siri inavyoharibu: anayeruka dozi siku za safari ili asionekane anavipa virusi nafasi ya kupanda, na hapo ndipo anapomweka hatarini yule anayeogopa kumpoteza.

Kwa presha, kisukari, pumu, kifafa au selimundu, naomba nisikubali kisingizio kirefu. Atakayekuacha kwa sababu una pumu, ni heri umjue leo kabla hamjafika mbali. Lakini uzoefu wangu wa kukaa na wanandoa kliniki unaniambia kinachoumiza wengi ni kufichwa, kuliko ugonjwa wenyewe. Swali la kwanza la mwenza mara nyingi ni "kwa nini hukuniambia?"

Mnapowaacha watoto nyumbani

Wazazi wana haki ya siku yao. Mama asijihukumu kwa kutoka bila watoto. Lakini kanuni ni ileile: anayebaki na mtoto lazima ajue. Kama mtoto ana pumu, dada wa kazi au bibi aonyeshwe inhela iko wapi na inatumikaje, siyo kuambiwa kwenye simu mtoto akiwa tayari anahema. Kama ana selimundu, homa yoyote ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, haisubiri mrudi. Andika kwenye karatasi kwa Kiswahili chepesi, bandika ukutani, acha kadi ya bima au fedha ya dharura, na taja jirani mwenye usafiri.

Kabla hamjatoka

Jioni ya kabla ya safari, kaeni dakika kumi. Kila mmoja amwambie mwenzake mambo matatu: naumwa nini, natumia dawa zipi, na ukiniona hivi fanya hivi. Ambaye haumwi kitu naye aseme kundi lake la damu kama analijua, na dawa inayomdhuru kama ipo.

Kisha fungasheni. Dawa za siku zote za safari na za siku mbili za akiba ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye buti la gari. Insulini iliyofunguliwa inavumilia joto la kawaida la chumba, chini ya nyuzi 30, kwa takribani wiki nne, lakini ndani ya gari lililoegeshwa juani inaharibika upesi. Ifungeni kwenye kitambaa chenye unyevu au chombo cha kutunza ubaridi, isigusane na barafu. Bebeni maji, kitu cha sukari, chakula kidogo, kofia na miwani. Jua la saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni liepukeni kadiri mnavyoweza, hasa anayetumia dawa za kuongeza mkojo, kwani hukaukiwa maji mapema kuliko wengine. Kadi ya kliniki ipigeni picha, kila mmoja awe nayo kwenye simu yake. Na mkifika, ulizeni mapema hospitali ya karibu iko wapi. Ni swali la nusu dakika.

Kama hujapima presha mwaka huu, pima kabla ya safari. Duniani karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kuwa wanayo, maana huwa haiumi. Nendeni wote wawili, mpimwe pamoja, kila mmoja aone namba ya mwenzake. Kisha nendeni Bagamoyo, nendeni Mikumi, panda bomba la maji kama afya yako inaruhusu, cheka mpaka mbavu ziume.

Nakutakieni matembezi mema. Kwa swali linalohusu dawa zako mwenyewe, muone daktari anayekutibu kabla ya kubadilisha chochote. Tukutane wiki ijayo.